Kuku wa Wakwe

Jumatatu, 18 Machi 1957

Daftari hili nimelinunua leo Ruiru kwa duka la Muhindi, na sababu naiandika hapa mwanzo. Mimi Dismas, niliyekwenda vita vya Burma na kurudi na vidole vyote kumi, nimechoka kuitwa mwongo. Kila nikisimulia kitu hapa laini, nyumba za vibarua wa shamba la kahawa, Jared wa trekta husema ongeza chumvi. Basi sasa mambo yataandikwa siku ile ile yanapotendeka, na wajukuu watasoma wenyewe.

La kwanza: leo nimeandikwa kazi ya Serikali, Idara ya Mifugo. Kuna ugonjwa wa kuku unaitwa kideri, umeonekana upande wa Kiambu, na kuku wote kutoka Ruiru kwenda Thika watadungwa sindano kabla haujafika. Walitaka mtu mmoja wa kushika kuku. Tulijipanga wengi. Bwana Daktari, Mzungu wa idara, akaachilia jogoo uwanjani akasema, shika. Wenzangu walikimbizana naye kama watoto. Mimi nilisimama tu nikamwangalia machoni, jogoo akaja akalala miguuni pangu.

Musau, mkubwa wangu wa kazi, anasema nilimwangukia. Huyu Musau ni Mkamba, amesomea mifugo Kabete, na hacheki. Hata hivyo kuanguka nako ni njia ya kushika.

Alhamisi, 21 Machi

Jua kali. Hakuna dawa bado. Niandike habari ya nyumbani.

Nafuna ni binti ya marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu hajaota meno, ananiita baba na mimi namwita mama, maana ana jina la mama yangu. Sasa ameposwa. Kijana ni Nicanor, wa kwetu kabisa, na baba yake Tobias ni mpishi katika ile hoteli ya Chania huko Thika. Wazee watakuja mvua ikiisha, Jumamosi ya kwanza ya Juni, kufungua maneno.

Kwetu mkwe hapokewi na nyama ya dukani. Anapokewa na kuku wa nyumba ile, na firigisi inawekwa mbele ya mkubwa wao, peke yake, ndani ya bakuli la kufunikwa. Mzee akiila, nyumba imekubalika. Asipoiona, anachukua kofia yake. Nimeona posa ikivunjika kwa firigisi iliyoliwa na paka.

Kwa hivyo mke wangu Selpha amekuwa akifuga tangu mwaka jana. Kuku wamefika sitini. Selpha anasema ishirini na tisa, lakini yeye hana moyo mkubwa wa kuhesabu. Bakuli pia amenunua, la bati jeupe lenye ua la samawati kwenye kifuniko. Nafuna hasemi kitu juu ya harusi. Ila jioni ni yeye anayefunga banda, na akishafunga hurudi kuangalia komeo mara ya pili.

Jumanne, 26 Machi

Kazi imeanza, kijiji cha juu ya mto, ambamo Serikali imekusanya watu tangu Hali ya Hatari, ndani ya handaki na miba. Nyumba zimebanana mpaka moshi wa huyu unamliza yule, na kuku wamebanana vile vile. Dawa inasafiri ndani ya sanduku la barafu na unga wa mbao, nyuma ya baiskeli ya Musau, maana ikipata joto imekufa. Mimi nashika kuku, nafungua bawa, Musau anadunga, naachilia, nashika mwingine. Wanawake walisimama kutazama mikono yangu. Nikawaambia mikono hii ilimkamata chatu wa futi ishirini Burma, huku mguu wangu uko kwenye breki ya lori.

Nyumba ya mwisho ni ya Njambi, ajuza ambaye kijiji chote humwita Cucu, yaani nyanya. Tulipomaliza akatoka na kuku tembe amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, akamning'iniza kwenye usukani wa baiskeli yangu. Musau akamwambia dawa ni bure, hatuchukui kitu.

"Sikulipi," Cucu akasema. "Nani amesema kulipa? Mtu akinifanyia kazi akatoka kwangu mikono mitupu, hapo nitakuwa maskini kweli. Shamba langu limebaki nje ya miba. Adabu nimeingia nayo."

Musau alitaka kukataa tena. Nikamvuta pembeni nikamwambia, mzee, ukikataa kuku wa mama huyu, kesho hakuna atakayetufungulia banda. Alifikiri. Akapanda baiskeli bila kusema ndiyo wala hapana. Kwa hesabu yangu hiyo ni ndiyo.

Alhamisi, 28 Machi

Vijiji viwili. Kuku wanne wa zawadi. Baiskeli yangu inaimba.

Jumamosi, 30 Machi

Upande wa Juja. Mama mmoja alinipa jogoo na mwingine, jirani yake, kwa wivu akanipa wawili. Tunakwenda boma kwa boma na hawa ndugu wakining'inia kichwa chini, na kila nikisimama kufanya kazi naegemeza baiskeli bandani, kuku wenyeji wanakuja kuwasalimu kwa midomo. Kama ungeona nilivyoingia laini jioni! Watoto walikimbia nyuma yangu. Jared akauliza kama hiyo ni baiskeli au mti wa ndege.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imeanza. Ilishuka saa ya chakula na haijasimama.

Leo nimemleta Musau nyumbani na dawa iliyobaki akadunga kuku wetu wote, hata wale wa zawadi niliowachanganya nao. Selpha aliuliza kama si vizuri hawa wageni wakae kwanza kando. Nikamwambia mgeni hafungiwi nje. Sasa banda limejaa. Wakwe waje hata na ukoo mzima. Nilimwambia Nafuna kila mtu atakuwa na firigisi yake, na mpishi Tobias atarudi Chania akafundishe Wazungu. Alicheka. Ana pengo dogo la meno kama la kaka yangu.

Jared alikuja kuota moto. Amesema chatu wangu juzi alikuwa futi ishirini, leo asubuhi nilimwambia karani ni ishirini na tano. "Huyu nyoka wako, Dismas, amekufa lakini bado anakua."

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Hatukwenda kazi, barabara imeshika lori la dawa.

Jumapili, 7 Aprili

Yule tembe wa Cucu Njambi amesimama pembeni mwa banda tangu asubuhi kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Selpha anasema anahema kwa mdomo. Ni uchovu wa baiskeli.

Jumatatu, 8 Aprili

Amekufa. Shingo imepinda, anatazama mgongo wake mwenyewe. Na wengine wawili wanahara maji ya kijani. Wa zawadi wote wawili.

Jumanne, 9 Aprili

Mmoja wa Selpha. Wa kwake wa kwanza kabisa, yule mwekundu.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo niandike kirefu, ingawa mkono hautaki.

Tulirudi kijiji cha juu ya mto kwa sababu zamu yake ya kukaguliwa ilikuwa imefika. Langoni askari wa kijiji akatuambia heri tugeuze. Ndani wanawake walikuwa wamesimama, na mbele yao kuku waliokufa wamepangwa chini juu ya majani ya migomba, mstari mrefu, wengine wamelowa. Wamboi, jirani ya Cucu, ndiye aliyesema. Alisema kabla ya sindano kuku walikuwa wazima, baada ya sindano wamekufa, na mtoto mdogo anaweza kujumlisha hiyo. Akaniuliza kama chatu wa Burma pia nilimdunga.

Musau akaanza kueleza kwamba chanjo inataka wiki mbili kushika, na kama ugonjwa umeshaingia, sindano haiwezi kuutoa. Wamboi akamwambia aeleze tena kwa kuku.

Saa ya adhuhuri akafika Bwana Daktari kwa Landrova, na tope mpaka kwenye vioo. Alimpasua kuku mmoja juu ya ubao wa gari, akatuonyesha damu ndani ya tumbo la juu, vidoa kama umepiga kalamu nyekundu. Kideri, akasema. Akamuuliza Musau tulianzia kijiji gani, tukaenda kipi, tukaenda kipi. Musau akavitaja. Daktari akasema, vimeugua kwa mpangilio huo huo. Kisha akaja kusimama karibu na baiskeli yangu. Hakukuwa na kuku siku hiyo, lakini kamba za mgomba zilikuwa bado zimefungwa usukanini, na mavi ya kuku yameganda kwenye spoku.

"Hapa mlikuwa mnafunga nini?" akauliza kwa Kiswahili chake.

Nikaanza kufungua zile kamba kwa kucha.

"Zawadi za kina mama," Musau akasema. "Ni mimi niliruhusu."

Cucu Njambi alikuwa karibu na alisikia. Akamwuliza Wamboi wamesema nini, Wamboi akamwambia kwa Kikuyu. Cucu akanitazama, si kwa hasira. Akauliza, "Kwa hivyo ni yule wangu?"

Nikamwambia sijui, cucu. Na kweli sijui. Huenda ni wake, huenda ni wa Juja. Yeye akaenda akakaa kwenye kizingiti chake akafunika miguu kwa shuka.

Mvua ilitunyeshea njia nzima. Musau aliendesha mbele. Hakugeuka wala hakunisubiri.

Jumamosi, 13 Aprili

Amri imetoka. Karantini Ruiru mpaka Thika. Hakuna kuku kutembea, na boma lenye ugonjwa kuku wote wauawe na kufukiwa na chokaa.

Laini zetu ndizo zilikuwa za kwanza, na mshikaji ni mimi. Nilianza nyumbani. Nashika, navunja shingo, natupa shimoni. Nashika, navunja, natupa. Wazima pia. Wazima walikuwa kumi na mmoja na walinijia wenyewe kwa sababu wananijua. Selpha alikuwa jikoni na mlango umefungwa. Nafuna alinipa kuku wa mwisho kwa mkono wake, maana kuku huyo alikuwa amejificha chini ya kitanda na Nafuna ndiye aliyemwona. Nilimwambia angemwacha. Akasema, "Baba, ukimwacha mmoja Serikali italeta watu kukupekua."

Wa Selpha walikuwa ishirini na tisa tangu mwanzo. Niandike hivyo. Wa zawadi sikuwahesabu.

Baadaye nikaenda kwa Jared. Alikuwa na jogoo mmoja tu na alikuwa amempa jina. Alinikabidhi akaingia ndani.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Kijiji cha juu ya mto. Shimo moja kubwa. Nilishika mpaka jioni.

Jumanne, 16 Aprili

Juja.

Jumatano, 17 Aprili

Juja tena.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Kanisani mhubiri alisimulia Petro na jogoo. Watu wakanigeukia. Hapo zamani ningecheka wa kwanza.

Tulikula maharagwe. Selpha anaongea nami yale ya lazima, lete kuni, funga mlango. Nilidhani mwanamke akinyamaza anapanga kitu. Sasa naona hapangi, amechoka.

Jumatatu, 29 Aprili

Musau ameondolewa kazini. Alikuja kuchukua sanduku la barafu alirudishe Kabete. Nilimwambia ningeweza kwenda kwa Daktari nikamweleza kwamba ni mimi niliyemvuta pembeni. Akasema Daktari anajua. Akasema yeye ndiye aliyesoma, mimi sikusoma, kwa hivyo kosa lina mwenyewe. Nilitaka anitukane. Alifunga sanduku, akajaribu breki za baiskeli, akaniambia kizuizi kipya kitakuwa hapa daraja la Ruiru na mimi nitasimama hapo, nisipitishe hata kifaranga.

"Hata wakikulilia," akasema. "Hata wakikusifu. Wewe ni wa kudanganywa na sifa."

Nilimwona mpaka kona. Mwendo wake ni ule ule.

Jumanne, 7 Mei

Kizuizi. Mti umelazwa barabarani, mimi na askari mmoja, na pipa la chokaa. Watu wanaficha kuku ndani ya makoti, ndani ya ngoma ya kanisa, chini ya mtoto mgongoni. Nawachukua wote. Zamani hiyo ngoma ya kanisa ingenitosha hadithi za mwaka mzima.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Kuku watatu.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua. Hakuna kuku.

Jumatano, 22 Mei

Cucu Njambi alipita kwenda hospitali Thika. Alifungua leso akanionyesha ndani hakuna kitu, kabla sijamwuliza. Akasema, "Pole na mvua, baba." Nikamwinulia mti.

Jumatatu, 27 Mei

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi nikapokee wakwe. Nimekataliwa, wikendi mabasi ni mengi. Selpha amesema sawa. Nimemwuliza tutawapa nini. Amesema nyama ya ng'ombe. Nikamwuliza, na mbele ya mzee? Akaendelea kuosha bakuli lile lenye ua, ambalo lilikuwa safi.

Nafuna anafunga banda kila jioni. Banda halina kitu.

Jumamosi, 1 Juni

Basi la Thika lilifika karibu na adhuhuri. Askari akawashusha wote. Mwanamke mmoja, Magdalene, anayeuza mboga sokoni, alikuwa na mitetea wawili ndani ya gunia la kabichi. Nikawatoa, nikawafanya kama ninavyofanya. Alikaa juu ya gunia lake kuangalia wengine wakipekuliwa.

Wa mwisho kushuka walikuwa Tobias na kijana wake Nicanor. Tobias amevaa koti la hoteli lenye vifungo vya shaba na kofia nyeusi, na chini ya mkono ana kikapu, na ndani ya kikapu kuku mweupe, kichwa nje, amefungwa utepe shingoni.

"Baba Nafuna," akasema, "kumbe umekuja mpaka njiani kutupokea. Hiyo ni heshima."

Tukasalimiana. Nikauliza ya nyumbani, akauliza ya nyumbani. Magdalene akasema kwa sauti ya kutosha, "Huyo wa jamaa yake atapita. Mtaona."

Nikasema, "Mzee, huyo kuku nampokea hapa."

"Hapa barabarani?"

"Hapa. Hawezi kufika nyumbani."

Tobias akatazama chokaa, akatazama mikono yangu. "Habari ya karantini tumeisikia hotelini," akasema. "Nilijua ni ya kuku wa biashara. Huyu si wa biashara."

"Hata mimi nilijua hivyo."

"Kwetu ukikataa kuku wa mtu umemkataa mwenyewe. Mimi si wa kukufundisha."

"Sijakukataa, mzee. Nimemchukua kuku."

Nicanor akataka kusema kitu, baba yake akamnyamazisha kwa kidole. Akanipa kikapu. Nikafungua utepe kwanza, sijui kwa nini. Nikavunja, nikaweka shimoni, nikamwagia. Niligeuka nikamwona mzee amevua kofia ameishika mkononi, nikafikiri, basi, imekwisha, nitamwambia nini Nafuna. Magdalene alikuwa amesimama. Alibeba gunia lake akaenda zake.

"Alikuwa mtagaji," Tobias akasema. Baadaye kidogo akauliza, "Nyumbani kwako ni njia gani?"

Askari ni kijana wa watu. Akaniambia niende mpaka basi la jioni, atashika mti.

Nyumbani kulikuwa safi. Selpha alipika nyama ya ng'ombe na ugali na mboga za kienyeji. Nafuna alinawisha mikono ya wageni na maji hayakumwagika hata tone. Kisha Selpha akaja na lile bakuli la ua, limefunikwa, akaliweka mbele ya Tobias peke yake, akarudi nyuma hatua moja akasimama. Mimi sikujua. Nilifikiri ameficha mmoja. Nilikaa hapo, mimi mtu wa Serikali, nikifikiria kwamba itabidi nimripoti mke wangu.

Mzee akafunua. Kutoka nilipokaa niliona mpaka chini. Bakuli lilikuwa tupu, jeupe, limeng'arishwa.

Aliangalia ndani muda mrefu. Huyu ni mtu ambaye kazi yake yote ni kujua kilichomo chini ya kifuniko. Nafuna alikuwa mlangoni ameshika birika. Tobias akarudisha kifuniko, taratibu, akageuza lile ua likamwelekea Selpha.

"Nimeshiba," akasema. "Mama, umepika. Sasa tuongee."

Tukaongea. Kabla hawajaondoka Nicanor, kwa kutaka kunifurahisha, akaniomba hadithi ya chatu, maana imefika mpaka Thika. Nikamwambia alikuwa chatu mdogo.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua imeisha. Karantini bado.

Laini nzima inauliza wakwe walipokewaje. Nimewaambia kama ilivyokuwa: nilimuua kuku wa mzee mbele ya macho yake, mke wangu akamwandalia bakuli tupu, mzee akafunua, akafunika, akasema ameshiba, na harusi ni Desemba. Wamecheka mpaka wakashikilia ukuta. Jared, ambaye ndiye aliyeanza kuongea nami tena juzi tu, hakucheka. Amesema yule chatu yeye Jared alikuwa amejaribu kummeza, karibu apite kooni, lakini hili la bakuli hapana. Nimemletea daftari nikamfungulia ukurasa. Amesema na uongo huandikwa.

Sikumbishia. Selpha alikuwa anasikia kutoka jikoni, naye hakunisaidia, lakini nilimsikia akicheka kidogo peke yake.

Nafuna amepaka banda chokaa. Jioni amelifunga, akaenda, akarudi kuangalia komeo.